Jina la Rwagasore: Je, Uadilifu Hurithiwa?



Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila tarehe 13 Oktoba nchi yetu husimamisha kazi. Viongozi hupanda kilimani kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, huweka mashada ya maua, na hotuba husomwa. Anayetawala husema anafuata nyayo zake. Anayempinga anayetawala naye husema anafuata nyayo hizo hizo. Hakuna Mrundi anayesimama hadharani na kusema kuwa yeye hamtaki Rwagasore.

Mimi ninaishi Kinama na ninasoma elimu ya Kiislamu. Katika masomo yetu tunafundishwa kuuliza kila dai lina dalili gani. Basi nimejiuliza: kama sote tunafuata nyayo za mtu mmoja aliyetaka Warundi wawe kitu kimoja, ilikuwaje nyayo hizo zikatufikisha kwenye damu ya mwaka 1962, 1965, 1972 na 1993? Ama yeye hakuwa kama tunavyosema, au sisi hatumfuati kama tunavyodai. Swali langu katika makala haya ni hili: je, uadilifu wa kiongozi hurithiwa na wale wanaobeba jina lake?

Alikuwa nani?

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, mji wa Rwanda ambao baadaye uliitwa Butare, kisha akaenda kusoma Antwerp nchini Ubelgiji. Wakati huo Burundi na Rwanda zilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mdhamini alikuwa Ubelgiji.

Aliporudi nyumbani angeweza kukaa akala ukubwa wa baba yake. Mtoto wa Mwami hakosi cheo. Lakini kazi iliyomtambulisha kwa watu ilikuwa ya ushirika. Mwaka 1957 alisimamia ushirika wa wafanyabiashara hapa Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, ili mwananchi auze na anunue bila kubaki mikononi mwa makampuni ya wageni. Tuseme ukweli: ushirika ule ulikwama kwenye madeni, na utawala wa Kibelgiji ukauingilia. Hata hivyo watu walikuwa wameona jambo geni, mtoto wa ikulu akikaa na wachuuzi kuzungumza bei na hesabu.

Kisha kikaja chama, UPRONA, kilichoanzishwa mwaka 1958. Kilidai uhuru wa haraka, ufalme wenye mipaka ya katiba, na umoja wa Warundi wote. Mpinzani wake mkubwa alikuwa chama cha PDC, kilichoongozwa na watoto wa chifu Baranyanka, nacho kilipendwa na Wabelgiji. Ndani ya ushindani huo kulikuwa na ugomvi wa zamani wa koo mbili za Baganwa, Wabezi na Watare. Mwaka 1960 jamaa wa karibu wa Mwami walizuiwa kushika uongozi wa siasa, naye akabaki mshauri wa chama alichokiasisi mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo akawekwa kizuizini Bururi wakati uchaguzi wa komini unafanyika, na PDC ikashinda.

Alipofunguliwa alirudi kwa wananchi. Tarehe 18 Septemba 1961 ukafanyika uchaguzi wa bunge, na UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64. Tukumbuke kuwa jirani zetu wa Rwanda walikuwa wametoka kwenye machafuko ya mwaka 1959, na siasa yao ilikuwa imeshagawanyika kwa kabila. Huku kwetu Wahutu na Watutsi walikuwa wamechagua orodha moja. Aliposhinda, aliwaambia wananchi kwamba watawahukumu viongozi wao kwa matendo, na kwamba kuridhika kwa wananchi ndiko kutakuwa fahari ya viongozi.

Akawa Waziri Mkuu mwishoni mwa Septemba. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa kwenye Hoteli Tanganyika kando ya ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Ioannis Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, yeye alikuwa kaburini kwa zaidi ya miezi minane. Mwaka wake wa kufa ni mwaka huo huo aliouawa Patrice Lumumba ng'ambo ya ziwa.

Hoja ya wiki mbili

Katika mazungumzo yetu ya wanafunzi, mwenzetu mmoja aliwahi kutoa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Alisema: mtu huyu alitawala wiki mbili tu. Wiki mbili hata dhalimu anaweza kuwa mpole. Tunamsifu kwa sababu hakupata muda wa kukosea. Angetawala miaka ishirini, huenda naye angefunga wapinzani wake na kujaza ndugu zake serikalini kama wengine.

Hoja hii ina nusu ya haki. Nusu yake ya haki ni kwamba hatujui, na wala hatutajua, Rwagasore angetawala vipi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa rafiki yake na aliyemuunga mkono, aliongoza Tanganyika na Tanzania kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo tunaweza kuweka mema yake upande mmoja wa mizani na makosa yake upande wa pili. Mizani ya Rwagasore haina sehemu hiyo. Kwa hiyo kila mwanasiasa anayesimama na kusema kuwa Rwagasore angekuwa hai angekubaliana na siasa yake, huyo anazungumza mambo ya ghaibu. Maiti hana namna ya kumkanusha.

Nusu isiyo ya haki ni kudhani kuwa mtu huanza kupimwa siku anayokalia kiti. Nabii Yusuf (A.S.) alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, kama ilivyo katika Suratu Yusuf aya ya 55, alijieleza kwa sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Sifa hizo hakuzipata siku ile. Alikuwa ameshapimwa nazo nyumbani kwa bwana wake na gerezani. Uongozi haukumpa uaminifu. Uaminifu ulikuwepo kabla.

Tukimtazama Rwagasore kwa jicho hilo, tunakuta mitihani mitatu kabla ya uwaziri mkuu. Wa kwanza ni mtihani wa nasaba: alizaliwa juu, akashuka kwa wachuuzi. Wa pili ni mtihani wa hofu: alizuiwa, akawekwa kizuizini, na hakuacha. Wa tatu ni mtihani wa ushindi: alishinda kwa viti 58, na neno lake lilikuwa kuwataka watu wampime, si kuwatisha walioshindwa. Mitihani hii inatosha kusema kuwa alikuwa mtu wa kuaminiwa. Haitoshi kumfanya hoja ya kila mtu.

Jina likaenda njia nyingine

Sasa tuje kwa walioachiwa jina. Chama kilikuwa na jumuiya ya vijana iliyobeba jina lake, yaani vijana wazalendo wa Rwagasore. Mnamo Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya kifo chake, vijana wa jumuiya hiyo waliingia Kamenge na kuua viongozi wanne wa Kihutu, watu wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo na wa siasa. Kamenge ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Kinama. Walioua walikuwa na umri kama wetu sisi tunaosoma jarida hili, na jina walilolibeba lilikuwa la mtu aliyewataka Wahutu na Watutsi wasimame pamoja.

Ndani ya chama nako kukawa na mvutano. André Muhirwa, Muganwa na shemeji wa marehemu, ndiye aliyeshika uwaziri mkuu. Paul Mirerekano, Mhutu, naye akadai uongozi wa chama. Kila upande ukajiona ndio mrithi wa kweli. Ugomvi ambao mwanzoni ulikuwa wa koo za Baganwa ukaanza kugeuka kuwa wa Wahutu na Watutsi.

Kisha ikaja hukumu. Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake, wakiwemo watoto wa Baranyanka, walikuwa wamekwisha kuhukumiwa vifungo na mahakama za wakati wa udhamini. Baada ya uhuru kesi yao ikafunguliwa upya, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano wakanyongwa Gitega mbele ya umati. Mpaka leo swali la nani alikuwa nyuma yao halijafungwa: mwaka 2018 serikali ya Burundi iliitaja Ubelgiji kuwa ndiyo iliyopanga mauaji yale.

Miaka miwili kamili baada ya kunyongwa kwao, tarehe 15 Januari 1965, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa kwa risasi mjini humu. Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero akauondoa ufalme, na UPRONA, chama cha Rwagasore, kikabaki chama pekee cha nchi. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini na kuua Watutsi wengi, serikali ilijibu kwa kuwaua Wahutu, hasa waliosoma, kwa makumi ya maelfu na zaidi. Katika kazi ile vijana wa chama walishiriki. Jumuiya yao bado ilikuwa na jina la Rwagasore.

Je, yeye anaulizwa kwa hayo? Hapana. Suratul An'aam aya ya 164 inatufundisha kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Wa kuulizwa ni aliyeua, na aliyelitumia jina la mtu mwema kama nguo ya kufunikia alichokifanya.

Ahadi haiwafikii madhalimu

Jibu la swali letu, kwa ninavyoelewa, limo katika Suratul Baqara aya ya 124. Allah alimjaribu Nabii Ibrahim (A.S.) kwa amri, akazitimiza, ndipo akamfanya kuwa imamu wa watu. Ibrahim akauliza kuhusu kizazi chake. Akajibiwa kuwa ahadi ya Allah haiwafikii madhalimu.

Tuitazame vizuri aya hii. Aliyeuliza si mtu wa kawaida, ni Kipenzi cha Allah. Waliouliziwa si wageni, ni damu yake. Na bado jibu halikuwa ndiyo kwa wote. Kama nasaba ya Ibrahim yenyewe haimkingi dhalimu, basi kadi ya chama haitamkinga, wala fulana yenye picha ya shujaa. Mtoto wa Nabii Nuh (A.S.) naye alizama, na baba yake akaambiwa katika Suratu Hud aya ya 46 kuwa huyo si katika watu wake. Kilichomtoa ni matendo.

Mtu anaweza kusema: lakini waliomuua Rwagasore walistahili adhabu, na kisasi ni haki. Ni kweli kuwa kisasi kimewekwa na sheria. Lakini Suratul Israa aya ya 33, hapo hapo inapompa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma, inamkataza kupita kiasi katika kuua. Mwenye haki naye ana mpaka. Kuwafungulia kesi mara ya pili watu waliokwisha kuhukumiwa, mpaka ipatikane hukumu inayotakiwa, kisha kuwanyonga mbele ya umati, mimi naona ni kuuvuka mpaka huo. Na Suratul Maida aya ya 8 imetuonya kuwa chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Taifa lilikuwa na umri wa miezi sita tu, na tayari limefundishwa kuwa ukiwa na marehemu mwema upande wako, huhitaji kujizuia. Somo hilo tuliendelea kulirudia kwa miaka thelathini.

Sisi Waislamu na deni la Buyenzi

Hapa lazima tujitazame na sisi wenyewe. Wazee wetu Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo mjini kumuunga mkono Rwagasore. Walikuwa wachuuzi, mafundi, madereva. Wengi walikuwa na asili ya Kongo na Tanganyika, na utawala uliwahesabu kama wageni walioletwa na biashara. Shule zilikuwa za misheni, na Mwislamu hakuwa na nafasi kubwa ndani yake. Rwagasore, aliyebatizwa Mkatoliki, hakuwataka wabadili dini wala lugha ili wawe Warundi.

Wazee wale walifanya jambo lenye mfano katika sira. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Habasha, kwa sababu kule kulikuwa na mfalme ambaye mtu hadhulumiwi kwake. Najashi alikuwa Mkristo. Makuraishi walipomletea zawadi ili awarudishe wakimbizi, alikataa kutoa uamuzi kabla ya kuwasikiliza wale wageni wasio na kitu. Kipimo cha Mtume kilikuwa uadilifu, na wazee wa Buyenzi walitumia kipimo hicho hicho.

Siku hizi nasikia baadhi yetu wakilisimulia jambo hili kama hati ya kudai: bila Waislamu asingeshinda, basi tupewe hiki na kile. Ndugu zangu, hapo na sisi tumeanza kula jina. Babu kumuunga mkono mtu mwadilifu hakunifanyi mimi kuwa mwadilifu. Aya ya Ibrahim inatuhusu kama inavyowahusu wengine.

Kama kuna urithi wa kweli wa Buyenzi, nauona katika miaka ya 1993 hadi 1995. Wakati ule mitaa ya Bujumbura iligawanywa kwa kabila. Kinama na Kamenge zilibaki za Wahutu, Ngagara na Musaga zikabaki za Watutsi, na aliyekutwa upande usio wake alikuwa hatarini. Mimi sikuyaona, nimezaliwa baadaye. Nimeyakuta katika simulizi za wazee wa mtaani, na katika namna ambavyo mtu akitaka kukujua bado huanza kwa kuuliza unatoka mlima gani. Lakini Buyenzi ilibaki na mchanganyiko wake. Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi nyua moja na kuswali safu moja. Hao hawakuwa na jumuiya yenye jina la Rwagasore. Walikuwa na jirani, wakakataa kumtoa. Kwa maoni yangu, wao ndio waliomrithi.

Basi tufanye nini?

Sisi ni wanafunzi. Hatuna jeshi wala wizara. Lakini vijana wa Kamenge mwaka 1962 nao hawakuwa na wizara. Walikuwa na umri wetu, jumuiya, na jina kubwa la kujificha nyuma yake. Kwa hiyo napendekeza tuwe na maswali matatu ya kumuuliza kila anayetuita kwa jina la shujaa aliyekufa, awe mwanasiasa, awe ndugu yetu katika jumuiya.

Kwanza: umemtetea nani asiye wako? Kumtetea wa kwako kila mtu anaweza. Rwagasore alijulikana kwa kusimama na watu ambao ikulu haikuwahitaji.

Pili: je, uko tayari kupimwa? Anayetaka tumwamini atuonyeshe hesabu. Hili linaanzia kwenye jumuiya yetu wenyewe, katika michango ya futari na pesa za safari. Abu Dharr (R.A.) alipoomba uongozi, Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na kutimiza wajibu wake ndani yake. Kama swahaba mkweli aliambiwa hivyo, mweka hazina wetu asiudhike akiombwa risiti.

Tatu: utamfanya nini mpinzani wako ukishinda? Hili ndilo swali walilofeli walioachiwa jina. Na hapa ipo hadithi tunayoijua sote, kuwa tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa, na kumsaidia dhalimu ni kuushika mkono wake usidhulumu. Rafiki yako akialikwa kwenda kumtisha mtu usiku kwa sababu ya chama au kabila, usimwambie tu kuwa utamwombea dua. Mshike mkono. Laiti kila kijana aliyekwenda Kamenge siku ile angekuwa na rafiki mmoja wa namna hiyo.

Mtume (S.A.W.) alipofariki, watu walichanganyikiwa, na Abu Bakr (R.A.) akasimama kuwakumbusha kuwa aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue kuwa Muhammad amekufa, na anayemwabudu Allah ajue kuwa Allah yu hai, hafi. Kama maneno hayo yalifaa kusemwa juu ya kiumbe bora kuliko wote, basi yanafaa zaidi juu ya viongozi wetu wa dunia. Rwagasore amekufa. Uadilifu alioutafuta unadaiwa kwetu, kwa jina la kila mmoja wetu, na hakuna atakayekubaliwa kulipa kwa jina la mwingine.

Tunamwomba Allah atujaalie kuwa watu wa kusimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu, ailinde nchi yetu na damu za watu wake, na atupe viongozi wanaomwogopa. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.